Jinsi ya kufunga sola kwenye gridi ndogo inayoendeshwa na jenereta ya dizeli

Jenereta ya kilowati 100 ikibeba mzigo wake wote hunywa takriban lita 28 za dizeli kwa saa. Ukiipunguzia mzigo hadi robo, yaani kilowati 25, hainywi robo ya mafuta hayo. Hunywa karibu lita 10. Sehemu ya mafuta huenda kuizungusha injini yenyewe, hata kama hakuna taa hata moja inayowaka. Kazi nzima ya kuchanganya sola na dizeli inaanzia hapo, na anayelisahau jambo hili huja kushangaa mbona paneli zinazalisha vizuri lakini matumizi ya mafuta yameshuka kidogo tu.

Kutoka kilowati 25 hadi 100, mafuta hupanda kwa lita 18 hivi. Gawanya kwa kilowati 75, unapata lita 0.24 kwa kila uniti, yaani kilowati moja kwa saa moja. Hicho ndicho kiasi ambacho kila uniti ya sola huokoa wakati jenereta ingali inazunguka. Ukipiga hesabu kwa wastani wa matumizi, lita 0.31 kwa uniti kwenye nusu mzigo au 0.39 kwenye robo mzigo, utamwahidi mwenye fedha akiba ambayo haitakuja. Zile lita nne hivi kwa saa zinazozungusha injini tupu huokolewa kwa njia mbili pekee: kuizima jenereta kabisa, au kuweka ndogo mahali pa kubwa.

Pima mzigo kabla ya kununua chochote

Funga kifaa cha kurekodi kwenye bodi kuu kwa wiki mbili au zaidi, kikisoma kila dakika, kila fezi peke yake, kilowati pamoja na kVAr (umeme unaojenga sumaku ndani ya mota bila kufanya kazi yenyewe). Wastani wa mwezi haufai kitu hapa. Unachotafuta ni mzigo wa chini kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maana hapo ndipo jua lina nguvu. Hakikisha siku ya mapumziko ya wiki, karakana zikiwa zimefungwa, imo ndani ya vipimo. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha sola itabanwa kiasi gani, yaani italazimishwa kutoa chini ya uwezo wake.

Andika pia kilele cha jioni, na namna mota kubwa zinavyowaka. Mota ya pampu ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya ampia zake za kawaida kwa sekunde chache, na hilo haliondoki kwa sababu umeleta paneli.

Angalia uwiano wa fezi pia. Fezi moja ikiwa na kilowati 8 na nyingine 28, ile ya chini ndiyo itakayokufunga mikono, kwa kuwa sola italazimika kubanwa kabla fezi hiyo haijaanza kurudisha umeme kwenye jenereta. Kuhamisha wateja wachache kutoka fezi hadi fezi ni kazi ya siku moja. Ifanye kwanza.

Sola kiasi gani?

Watengenezaji wengi wa jenereta hutaka injini isikae chini ya asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu. Sababu ni joto. Injini isiyofanya kazi ya kutosha haipati joto, ringi za pistoni hazibani vizuri kwenye silinda, na dizeli haiungui yote. Mafuta mabichi na masizi hutoka kwenye bomba la moshi kama utelezi mweusi, mengine hushuka kwenye oili, na kuta za silinda hupata gamba la kung'aa linaloifanya injini kula oili. Saa chache haziui injini. Miezi kadhaa ya mchana wa mzigo mdogo huiua.

Kwa hiyo chukua gridi yenye jenereta ya kilowati 100 na mzigo wa mchana wa kilowati 65. Jenereta ibakiziwe 30. Nafasi ya sola ni kilowati 35. Kwa kuwa joto, vumbi na hasara za nyaya hula karibu sehemu moja ya tano, paneli za kilowati 45 za kwenye lebo hutoa 35 hivi zikiwa katika hali nzuri. Ukiongeza zaidi ya hapo bila kubadili kitu kingine, unanunua paneli za kubanwa. Kuzidisha kidogo si kosa, maana asubuhi na jioni paneli hizo za ziada hufanya kazi, lakini ukifika mara mbili ya nafasi uliyo nayo umepoteza fedha.

Akiba ni kiasi gani? Kwenye kilowati 65 jenereta peke yake hunywa lita 19.5 kwa saa. Sola ikitoa 35, jenereta inabaki na 30 na kunywa lita 11. Sasa tazama kinachotokea ukiweka jenereta ya pili, ya kilowati 40, kwa ajili ya mchana. Kiwango chake cha chini ni kilowati 12, kwa hiyo nafasi ya sola inapanda hadi 53, na mafuta yanashuka hadi kama lita 6. Jenereta ndogo huokoa kuliko paneli nyingi, na mara nyingi ndiyo inayostahili kununuliwa kwanza. Ila inaleta swali la wingu.

Wingu

Wingu zito likifunika uwanja mdogo wa paneli linaweza kuondoa zaidi ya nusu ya nguvu yake katika sekunde chache. Kwenye gridi ya taifa hakuna atakayeona. Kwenye gridi yako jenereta lazima ipokee mzigo huo papo hapo, kwa hiyo wakati wote iwe na nafasi isiyotumika, yaani akiba inayozunguka. Kanuni salama ya kuanzia: akiba isipungue asilimia 70 hadi 80 ya kile sola inachotoa sasa hivi, pamoja na mota kubwa moja inayoweza kuwaka wakati wowote.

Jenereta ya kilowati 100 iliyobeba 30 ina akiba ya 70. Sola yote 35 ikipotea, haitetereki sana. Ile ya kilowati 40 iliyobeba 12 ina akiba ya 28 tu, na sola ya 53 ikipotea mzigo wa 65 utaiangusha. Hapo ndipo betri ndogo inapoingia, kwa kazi moja: kushika pengo la kilowati 25 wakati jenereta kubwa inawashwa, inalinganishwa na laini na kupokea mzigo. Jenereta iliyo tayari hufanya hivyo ndani ya dakika moja au mbili. Weka hesabu ya dakika 15, maana siku nyingine haitawaka kwa jaribio la kwanza. Kilowati 25 kwa robo saa ni uniti 6 na kitu. Kinachoamua ukubwa, hata hivyo, ni nguvu ambayo betri inaruhusiwa kutoa kwa mara moja. Betri ya lithiamu inayoruhusiwa kumaliza ujazo wake kwa saa moja itahitaji kuwa ya uniti 25 hadi 30 ili itoe kilowati 25 hadi 30.

Kumbuka pia kwamba injini zenye tabochaja hazipendi kurukiwa na mzigo mkubwa kwa pigo moja. Uliza mtengenezaji jenereta yako inakubali hatua ya asilimia ngapi. Kiwango cha ISO 8528-5 ndicho kinachogawa madaraja hayo.

Nani anashika gridi

Inveta za kawaida za sola hufuata. Zinahitaji kuona volteji na masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani hezi) yaliyokwisha kutengenezwa na mwingine, kisha zinasukuma umeme ndani. Jenereta ikizimika, nazo huzimika. Ukitaka mchana jenereta ilale kabisa, lazima kuwe na inveta ya betri yenye uwezo wa kutengeneza gridi, iwe kubwa kiasi cha kubeba kilele cha mzigo na kuwasha mota, na itoe ampia za kutosha kufanya breka ziruke penye shoti. Hili la mwisho husahauliwa. Jenereta hutoa mara kadhaa ya ampia zake penye shoti, inveta hutoa zaidi kidogo tu ya kiwango chake. Breka iliyochaguliwa kwa jenereta inaweza isiruke kamwe ikilishwa na inveta, na waya ukaendelea kuungua.

Kidhibiti na waya wake

Sola ikiwa chini ya asilimia 20 hivi ya uwezo wa jenereta iliyo kazini, na mzigo wa mchana ukiwa wa kutegemewa, unaweza kuunganisha bila kidhibiti cha pamoja. Zaidi ya hapo, kinahitajika. Kazi yake: kusoma kilowati za jenereta, kulinganisha na kiwango cha chini, na kuziamuru inveta zijibane. Weka lengo la asilimia 35, si 30 kamili, ili kuwe na nafasi ya kuyumba.

Mzunguko mzima, kutoka kusoma hadi inveta kutii, usizidi sekunde mbili. Kinachochelewesha mara nyingi ni mawasiliano. Inveta kumi kwenye laini moja ya data ya RS485 ya kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila moja ikiulizwa data nyingi za kuonyesha kwenye skrini, hufanya amri ya kubana isubiri foleni. Panga amri ya kubana itumwe kwanza kwa inveta zote kwa pamoja, na data nyingine ziulizwe taratibu. Laini ipite kutoka inveta moja hadi nyingine kama ushanga kwenye uzi, bila matawi ya nyota, waya uwe wa jozi iliyosokotwa yenye ngao, na vizuizi vya omu 120 vifungwe kwenye ncha mbili tu. Usiulaze kando ya kebo za umeme mkubwa.

Kisha swali ambalo ni lazima ulijibu kwa kujaribu mwenyewe: waya wa mawasiliano ukikatika, inveta hufanya nini? Baadhi hushika amri ya mwisho, nyingine hupanda hadi nguvu zote. Zote zipangwe zishuke hadi sifuri, au hadi kiwango ambacho jenereta inakimudu siku ya mzigo mdogo, ndani ya sekunde 5 hadi 10.

Kosa la kawaida kuliko yote siku ya kuwasha ni sensa za ampia zilizofungwa kinyume. Kidhibiti kinaona jenereta inapokea umeme wakati inatoa, na kinaibana sola bila sababu. Au sensa ya fezi ya kwanza imeoanishwa na volteji ya fezi ya pili, na namba zinazosomeka hazina maana. Washa jenereta peke yake, tia mzigo unaoujua, soma kila fezi. Namba ziwe chanya na zilingane na za paneli ya jenereta.

Ipo njia isiyohitaji waya, ya kutumia masafa. Jenereta yenye gavana (kifaa kinachoongoza mwendo wa injini) ya mteremko wa asilimia 4, iliyopangwa hezi 50 kwenye mzigo kamili, hupanda hadi 52 bila mzigo, na kwenye mzigo wa asilimia 30 inakaa 51.4. Inveta zikipangwa zianze kujibana kwenye 51.2 na zifike sifuri kwenye 51.7, zinajiongoza zenyewe. Masafa yakianza kucheza juu na chini, panua nafasi kati ya namba hizo mbili. Njia hii haifanyi kazi kwa gavana inayoshikilia hezi 50 muda wote, kwa kuwa masafa hayasemi chochote kuhusu mzigo. Angalia gavana yako ni ya aina gani kabla ya kuichagua.

Mipangilio ya inveta

Inveta hutoka kiwandani zimepangwa kwa gridi kubwa. Ukiziacha hivyo, mota ikiwaka masafa yanadondoka kidogo, inveta zote zinajitoa, mzigo wote unaiangukia jenereta, masafa yanadondoka zaidi. Panua mipaka: masafa 47 hadi 53, volteji kama asilimia 15 juu na chini, kwa sekunde kadhaa, kadiri jenereta na vifaa vya wateja vinavyoruhusu. Zima kile kipengele kinachosukuma masafa makusudi ili kugundua kama gridi imekatika, maana kwenye gridi ndogo kusukuma huko kunaiyumbisha kweli. Ukikizima, weka ulinzi mwingine mahali pake: kiunganishi kisaidizi cha breka ya jenereta kiikate kontakta kuu ya sola mara breka inapofunguka, yaani inapokata umeme, kama hakuna inveta ya betri inayoshika gridi.

Kurudi kazini kuwe kwa zamu. Inveta ya kwanza baada ya sekunde 60, ya pili 90, na kuendelea. Kupanda kuwe polepole, asilimia chache kwa sekunde. Kushuka kuwe haraka kadiri inavyowezekana.

kVAr

Hapa ndipo gridi nyingi zilizofungwa vizuri huharibikia. Mzigo wa kilowati 65 wenye pawa fakta ya 0.8 (kilowati ukigawanya kwa kVA, yaani kwa mzigo mzima ambao waya hubeba) unataka pia kVAr 49. Sola ikitoa kilowati 35 tupu, jenereta inabaki na kilowati 30 lakini bado inabeba kVAr 49 zote. Pawa fakta yake inaanguka hadi 0.52. Paneli ya jenereta inaonyesha mzigo wa asilimia 30, huku ampia za alteneta zikiwa karibu mara mbili ya zile za kilowati 30 tupu.

Dawa ni inveta zenyewe zitoe sehemu ya kVAr. Zikitoa 25, jenereta inabaki na 24, na pawa fakta inarudi 0.78. Lakini kilowati 35 pamoja na kVAr 25 ni kVA 43, kwa hiyo nunua inveta za jumla ya kVA 45, usinunue za 35. Usizidishe upande wa pili: inveta zikitoa kVAr kuliko mzigo unavyotaka, jenereta inaanza kuzipokea, kidhibiti volteji chake kinaishiwa nafasi ya kushuka, na volteji inapanda bila mtu wa kuizuia. Iweke jenereta kati ya 0.8 hivi na 0.95, kVAr zikitoka kwake daima.

Ulinzi na ethi

Rilei ya umeme unaorudi, inayoikata jenereta umeme ukianza kuingia ndani yake badala ya kutoka, ni lazima. Kwa dizeli panga kama asilimia 8 hadi 10 ya uwezo, na ucheleweshaji wa sekunde 5. Ucheleweshaji huo una kazi yake. Laini ya kilowati 40 ikiruka saa sita mchana, jenereta iliyobeba 30 inageuka hasi 10 mara moja, na kidhibiti kinahitaji zile sekunde mbili kuibana sola. Rilei isiyosubiri itazima gridi nzima kwa tatizo la laini moja.

Nyutro iungwe na ethi mahali pamoja pekee. Mfumo ukiwa na betri inayoshika gridi jenereta ikiwa imezimwa, muungano huo lazima uhamie upande wa inveta kwa rilei maalumu, na uachie jenereta inaporudi. Muungano ukikosekana, swichi za kugundua uvujaji hazitaruka mtu akishika waya. Ikiwepo miwili kwa pamoja, zitaruka ovyo. Vizuia radi vifungwe pande zote mbili, wa paneli na wa laini.

Kujaribu

Usikabidhi mfumo uliowaka tu. Siku ya jua kali, fanya haya kwa mpangilio huu, ukirekodi masafa na volteji kila mara. Inveta moja ikiwa kazini, kisha mbili, hadi zote. Zima breka ya sola ghafla: hilo ni wingu baya kuliko yote, na jenereta isishuke chini ya mpaka wake wa masafa. Ikate laini moja ya wateja yenye kilowati 20: sola ijibane, rilei isiruke. Chomoa waya wa mawasiliano. Mwisho, fungua breka ya jenereta. Kwenye mfumo usio na betri inayoshika gridi, sola yote ikatike chini ya sekunde moja, na umeme usibaki popote kwenye laini.

Kama jenereta inajiwasha na kujizima, iwe na muda wa chini wa kukimbia, saa moja inatosha kuipasha moto, na dakika 3 hadi 5 za kupoa bila mzigo kabla ya kuzima. Betri ikiitisha jenereta kwenye asilimia 30 ya chaji na kuiruhusu izime kwenye 70, haitawashwa na kuzimwa kila mara.

Baada ya hapo

Kila siku andika lita zilizonywewa, uniti za jenereta, uniti za sola, na uniti zilizobanwa. Uniti zinazobanwa zikiwa nyingi, kabla ya kununua betri tafuta mzigo unaoweza kuhamia mchana. Pampu inayojaza tangi ni nzuri kuliko zote, ikiwashwa na kidhibiti pale sola inapobanwa, na iwe na kiwashio cha polepole ili isiipige jenereta kwa ampia za kuanzia.

Jenereta iliyokuwa ikikaa karibu na asilimia 30 ipewe mzigo wa asilimia 75 kwa saa moja au mbili kila wiki. Kilele cha jioni kinaweza kutosha. Utelezi mweusi ukionekana kwenye bomba la moshi, au moshi mweupe usioisha injini ikiwa imeshapata moto, pandisha kiwango cha chini leo, usingoje fundi. Oili ibadilishwe kwa saa za kukimbia kama kitabu kinavyosema, mara nyingi kila saa 250, na usirefushe muda huo kwa kudhani kuwa mzigo mdogo umeichosha kidogo. Mzigo mdogo ndio unaoichafua oili haraka.

Siku jenereta itakapobadilishwa na ya ukubwa mwingine, rudi kwenye kidhibiti: uwezo wa jenereta, kiwango cha chini, uwiano wa sensa za ampia, na rilei ya umeme unaorudi, vyote viandikwe upya kabla sola haijarudishwa kwenye laini.